Sifa za Kotapini Iliyogoma

Mlima Kenya una washairi wake, na chai ya Runyenjes haikosi wa kuisifu bonasi ikiwa nzuri. Kotapini haina mtu. Pini hii ndogo ya chuma, unene wake milimita 9.5, ndiyo inayoubana mkono wa pedali kwenye ekseli ya baiskeli ya Black Mamba, na ujira wake kwa utumishi huo ni matusi na nyundo. Leo naisifu, tena bila kulipwa.

Kwanza, ni mwaminifu. Imebeba mitungi ya maji katika jua la Mbeere, imemeza vumbi la Kiritiri na tope la Chuka, na kutu imeifungisha ndoa na ekseli. Siku gololi za ekseli zinapotaka kubadilishwa, fundi anakuja kudai talaka. Kotapini inakataa. Nani mwingine siku hizi anakataa namna hiyo?

Tazama sasa mkutano unaoitishwa na pini moja. Nati inalegezwa, lakini haitolewi. Inaachwa usawa na ncha ya pini ili nyundo isiziharibu thredi. Kisha inachaguliwa nyundo yenyewe, na hapo ndipo akili ya binadamu hupimwa. Mwenye huruma huleta nyundo nyepesi, akagongagonga kwa adabu, na kila pigo likaitanua ncha ya pini kidogo, hadi imeota kofia na haitoki hata kwa maombi. Mjuzi huleta nyundo ya kilo mbili na kupiga mara moja, kwa nia mbaya. Nyundo isipopatikana, kisogo cha shoka kinatosha.

Nyundo bila tegemeo, hata hivyo, ni kelele tu. Nguvu zote huishia kwenye gololi, nazo huchimba vishimo pale zinapozungukia, na mtu aliyekuja na shida moja anarudi nyumbani na mbili. Mkono wa pedali sharti ulale juu ya kitu kigumu chenye tundu la kuipokea pini. Fundi mwenye uwezo ana jiriwa. Mwenzake ana kipande cha bomba la maji, kimesimamishwa wima juu ya kipande cha reli. Usiulize reli hiyo ilitoka wapi. Gari la moshi halijawahi kufika Embu wala Meru mjini. Njia iliyo karibu inapita Sagana na kuishia Nanyuki. Vipande vyake vimetangulia kuja, vikawa fuawe.

Wakati wa kungoja, kuna elimu ya vilainishi. Huyu anaapa kwa mafuta ya taa yaliyolala usiku kucha, yule kwa dizeli, na wa tatu, ambaye hana baiskeli, kwa maji ya breki. Bila kotapini watatu hao wasingekuwa na la kuzungumza hadi uchaguzi ujao.

“Fundi, itatoka leo?”

“Mzee, hii ni Raleigh. Raleigh haiharakishwi.”

Linganisha na maarifa ya Wafaransa. Mwaka 1933 kampuni ya Stronglight ilileta mkono wa pedali usio na kotapini, unaokaa kwenye ekseli yenye ncha ya pembe nne na kukazwa kwa bolti. Kuutoa kunahitaji kifaa maalumu kinachofungwa kwenye thredi za mkono wenyewe na kuisukuma ekseli. Kifaa kimoja, kazi moja, hakuna mkutano. Na hata hicho hawakukubaliana juu yake: cha kawaida ni milimita 22, kampuni ya TA ikataka 23, na Stronglight wa zamani 23.35. Baiskeli ya mtumba ya aina hiyo ikifika Meru na kifaa kisiwepo, dawa ni kufungua bolti na kumtuma kijana apande nayo mlima wowote wa njia ya Chuka, akanyage hadi mkono ujitoe. Hujitoa. Tundu lake nalo, lililokuwa la pembe nne asubuhi, jioni halina pembe.

Kotapini haina hila hizo. Ikilegea, hailegei kwa siri: kila mzunguko inagonga, tak, na mtaa mzima unajua nani amepita. Mrithi wake naye haingii hivi hivi. Ubapa wa pini mpya hupigwa tupa kidogo kidogo hadi uulalie mchongo wa ekseli. Fundi akizidisha upande mmoja, pedali haziko tena kinyume barabara, na mwenye baiskeli anachechemea akiwa amekaa.

Lakini utukufu wake wote huonekana pale ncha yenye thredi inapokatika, pini ikabaki ndani na hakuna pa kuipigia. Msumari wa inchi sita hupinda. Tindo haiingii. Fundi hufunua kopo lake la mafuta machafu, akachagua kotapini kuukuu iliyong'olewa kwa mateso yale yale, akaigeuza na kuitanguliza kwa upande wa thredi, ambao ni mwembamba kuliko mwili na hupita tunduni bila kugusa kuta. Anaipiga nyundo moja, na mstaafu anamtoa mwenzake kazini.