Adeer Akiingia, Mtandao Unatoka

Laptopu ile tuliinunua kwa ofisi moja ya hapa Garissa iliyokuwa ikiuza vitu vyake vya zamani. Mume wangu aliacha viti na kabati la chuma, akachukua kompyuta pamoja na chaja iliyozungushiwa selotepu. Binti yetu alikuwa amepata matokeo ya KCSE na alitaka kuchagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS bila kupanga foleni saiba. Ilipofika nyumbani ilishika waifai mara moja, tukapiga bismillahi, tukamwachia mwenyewe.

Shida ikaanza, na ilikuwa na saa zake. Mchana kutwa mtandao umetulia. Baada ya isha, binti akiwa bado anapima uuguzi na ualimu, ukurasa unaganda. Alama ya waifai imejaa pomoni, lakini hakuna kinachofunguka. Baada ya muda unarudi, kisha unapotea tena.

Mume wangu alishtaki joto. Garissa nyuzi 35 mchana si habari, na kuta huendelea kutema moto hadi usiku. Basi akachukua feni ya chumba cha mama yake, Ayeeyo kwa watoto, akaielekezea ruta. Ruta ikapepewa, Ayeeyo akahamishia mkeka wake uani, akanuna. Feni iliposhindwa, lawama ikahamia stima, ingawa taa hazikupepesa hata mara moja. Tulihutubiwa juu ya mtambo wa sola wa megawati 50 uliofunguliwa nje ya mji mwaka 2019, utadhani mtambo ule ulikuwa na neno na binti yetu.

Kule uani, penye kuona geti, ndiko Ayeeyo alikopata ushahidi.

"Mwanangu," aliniambia, "huo mtandao wenu unamkimbia mtu. Mdogo wa mumeo akiingia, wenyewe unatoka."

Ayeeyo hajui waifai ni mnyama gani. Lakini katika nyumba nzima ni yeye peke yake aliyetazama hitilafu inakuja saa ngapi, na nani yuko karibu wakati huo. Fundi mzuri huanzia hapo hapo. Sisi tulianzia kwenye feni.

Shemeji yangu, Adeer kwa watoto, ni dalali wa ngamia katika soko la mifugo. Akiwa mjini, jioni lazima apite kwetu kunywa shaah. Akisafiri Modogashe au Wajir, tunakosa hadithi zake na tunapata intaneti. Tulivyozidi kukumbuka, ndivyo maneno ya Ayeeyo yalivyozidi kukaa sawa. Mimi nimeolewa hapa kutoka Lamu. Mambo ya jicho na nuksi sihitaji kufafanuliwa. Ayeeyo alitia unsi kwenye chetezo, akafukiza mlango, akafukiza mazulia, mwisho akaifukiza ruta yenyewe, vitaa vyake vya kijani vikimetameta ndani ya moshi. Adeer alikohoa, akauliza kama kuna harusi. Tulimmiminia shaah nyingine.

Yeye naye alikuwa na lake. Video za ngamia anazotumiwa na wateja zilikuwa zikigoma akifika kwetu, na alishuku kompyuta ya mtoto inamnyonya.

Binti ndiye aliyeunganisha mashtaka hayo mawili. Simu zetu wengine hazikuwahi kusumbua. Waliokatikiwa ni laptopu na Adeer, basi.

"Adeer, naomba simu yako kidogo."

Akafungua mipangilio ya waifai, akailaza simu kando ya laptopu. Simu ilisema 192.168.1.3. Laptopu nayo ilisema 192.168.1.3.

Kila kifaa hutaka anwani yake, na kwa kawaida ruta ndiyo mgawaji, kwa itifaki iitwayo DHCP, ambayo kanuni zake za msingi ni za mwaka 1997. Kifaa kinaomba, ruta inakikodishia namba na kuiandika. Laptopu yetu haikuomba. Fundi wa ile ofisi alikuwa ameipachika namba kwa mkono, laptopu ikaja na namba hiyo nyumbani. Ruta, kwa kuwa haina habari, ikaona namba ile iko wazi, ikampa Adeer. Ni ploti moja yenye barua mbili za ugavi, kesi ambayo mtu wa Garissa haelezwi mara mbili. Ruta humfuata aliyejitangaza mwisho: sasa hivi Adeer anaona ngamia, punde binti anaona uuguzi.

Namba zinazoanza na 192.168 zilitengwa miaka ya 1990 kwa matumizi ya ndani tu. Hiyo 192.168.1.3 inaweza kuwa Mandera, Mombasa na Muscat kwa wakati mmoja, kila moja nyuma ya ruta yake, bila ugomvi. Ndiyo maana namba ya ofisini ilikubali kwetu, mpaka Adeer alipopita getini.

Na laptopu ilikuwa imesema. Ujumbe wa kwamba anwani zimegongana ulikuwa ukichomoza pembeni mwa skrini, kwa Kiingereza, na mdogo wake binti alikuwa akiufunga haraka akidhani ni tangazo.

Shaah haikuwahi kupoa. Binti aliingia sehemu ya IPv4, akafuta namba ya mkono, akachagua anwani itolewe na ruta, akazima waifai na kuiwasha. Laptopu ikapewa 192.168.1.7.

Hapo ndipo Adeer alipoambiwa ule unsi ulikuwa wa nini. Alisimama, akafunga kikoi chake upya, akadai xaal, fidia ya mtu aliyevunjiwa heshima, tena mbele ya watoto.

"Hooyo ndiye aliyesema," mume wangu akajitetea.

"Nilisema akiingia unatoka," Ayeeyo akajibu. "Uongo uko wapi?"

Xaal ikakatwa: mkebe mzima wa nyirinyiri, utolewe na mume wangu aliyenunua kompyuta bila kuikagua. Adeer akataka aongezewe paswadi ya waifai awagawie madalali wenzake. Binti akakataa katakata. Alikuwa bado hajatuma kozi zake.