Karani Aliyewaita Siafu

Hapo kale, wala si kale ya mbali, wanyama wa msituni walikuwa na ufalme wao, na baraza lao lilikaa Opala, kando ya mto Lomami. Aliyetawala ni Chui, kama ilivyo ada ya misitu ile, na karani wake mkuu alikuwa Lesula, kima mwenye macho kama ya binadamu, ambaye wenyeji walimjua tangu enzi za mababu ila wataalamu wakamwona kwa mara ya kwanza mwaka 2007, pale pale Opala, na wasimtie vitabuni hadi 2012. Huenda ndiyo maana alitukuza mno madaftari, kwani aliyechelewa kuorodheshwa huiheshimu orodha kuliko sisi tuliozaliwa ndani yake.

Lesula aliletewa ubao mweusi kutoka Kisangani, kwa mashua iliyoteremka mto Kongo hadi Isangi kisha ikaupanda Lomami. Ubao ule haukuwa na picha wala vitufe vya kupendeza. Ulikuwa na herufi tupu, na pasipo na maandishi, viwimbi vidogo vilijipanga ukingoni kushoto kutoka juu hadi chini. Tena ulikuwa na hali mbili: katika hali moja, herufi uliyoigusa iliandikwa, katika hali ya pili, herufi ile ile iligeuka amri, na d mbili zilizofuatana zilimeza mstari mzima. Wageni wengi walioketi mbele yake walishindwa hata kutoka, wakakesha wakibonyeza hiki na kile, na Lesula akiwacheka.

Madaftari yenyewe yalihifadhiwa chumba cha pili, chini ya ulinzi wa Mzee Kobe. Ukitaka daftari litupwe, Kobe alikuuliza kwanza, "Una hakika, mwanangu?", kisha akaliweka kwenye kapu nyuma ya nyumba, nalo likakaa humo mpaka siku kapu lilipomwagwa. Wengi waliotupa kwa hasira walirudi kuchakura kapu lile kwa aibu, wakapata chao. Lesula aliona huo ni ushamba. Fundi wa kweli, alisema, haondoki kitini: huandika nukta mbili, alama ya mshangao na herufi mbili tu, na papo hapo siafu huja. Nao siafu hawaulizi swali, hawana kapu, na wakishakula hawabakishi hata mfupa.

Ikawa Tembo ametuma salamu kwamba atafika kiangazi kudai mafuta ya mawese, chumvi na samaki wa kukaushwa ambao Chui alikopa kwa jina la ufalme na kula kwa jina lake mwenyewe. Chui akamwendea karani usiku, mwenyewe, bila mpambe.

"Daftari la madeni lisionekane tena."

"Ndiyo, Mtukufu. Nimelifungua hapa ubaoni. Tumwite Mzee Kobe?"

"Kobe atauliza maswali."

Lesula akanyoosha vidole, akaandika amri yake kwa madaha, na siafu wakaingia chumba cha pili wakalila daftari la madeni. Chini ya ubao ukatokea mstari mmoja wa onyo, ukimweleza karani kwamba daftari alilolifungua halipo tena mahali pake. Lesula hakuusoma, aligonga kitufe kikubwa ili uondoke, kama wafanyavyo wenye ujuzi.

"Mbona bado naliona jina langu?" akanguruma Chui.

Kweli, madeni yote yalikuwa yamejipanga ubaoni, kwa sababu kilichokuwa pale ni nakala ambayo ubao uliishika kichwani mwake, na siafu hawakutumwa huko. Neno moja la ukweli lingetosha: Mtukufu, limekwisha kuliwa, hiki ni kivuli tu. Lakini karani aliyezoea kusifiwa huona haya kueleza, hasa mbele ya mkubwa mwenye makucha. Akarudia amri ile, safari hii akatia nyota mwishoni, na siafu wakiiona nyota huelewa kwamba wamealikwa kula kila walichokikuta. Wakala mipaka ya mashamba, wakala mahari, wakala hukumu za baraza na majina ya watoto waliozaliwa tangu masika.

Kelele za Kobe ndizo zilizomshtua. Lesula akagonga u, herufi inayotengua lililotendwa, nayo ikatengua kwa uaminifu: ikamrudishia koma moja aliyoifuta asubuhi. Mamlaka ya herufi ile iliishia ukingoni mwa ubao.

Hapo akatetemeka, akataka kutoka mbio kabla Chui hajaelewa, na vidole vyake vikafanya vilichozoea kufanya kila jioni kwa miaka yote ya utumishi wake: andika, kisha utoke. Ubao ukatii. Ukaichukua ile nakala ukaiandika upya chumba cha pili, safi, pamoja na koma yake.

Tembo alipofika kiangazi, alifunguliwa chumba na kukuta daftari moja tu katika ufalme mzima, nalo ni la madeni ya Chui. Chui akaagiza karani afukuzwe siku ile ile. Haikuwezekana, kwa kuwa daftari la watumishi lilikuwa limeliwa na hapakuwa na maandishi yoyote ya kuthibitisha kwamba Lesula aliwahi kuajiriwa.