Fadhila za Kabureta Ndogo

Washairi wamewasifu wafalme, farasi na mawaridi hata wino umekaribia kwisha, ilhali kiko kidude cha madini, kinachoenea katika kiganja cha mkono, ambacho hakijapata ubeti mmoja wa sifa wala neno la heri kutoka kwa wale kinaowatumikia. Nakusudia kabureta ya injini ya petroli ya ndege za mfano, zile ndege ziongozwazo kwa redio ambazo watu wazima wa Marekani na Ulaya, wenye kazi zao na akili zao timamu, huzirusha viwanjani siku za mapumziko. Hakuna laana ambayo haijapata kuteremshiwa. Nami nimeona ni insafu asimame mtu mmoja aitetee.

Nianze na nasaba, kwa kuwa mtukufu hutambulikana kwa wazee wake. Koo lake jembamba, lile linaloiharakisha hewa hata ikayavuta mafuta, ni urithi wa Mtaliana Giovanni Battista Venturi, aliyeandika habari za mwendo wa maji mwaka 1797. Ama ubaba wa kabureta yenyewe, Wahungari huwataja Donát Bánki na János Csonka, na Wajerumani humtaja Wilhelm Maybach, wote kwa kazi ya mwaka ule ule wa 1893. Na kitu kinachogombewa na mataifa mawili hakiwezi kuwa duni. Jamaa zake hata kwetu wapo: kabureta ya namna hii ndiyo iliyomo katika chenso, msumeno wa injini unaoangusha miti, na sababu ni moja, kwamba chenso na ndege hupinduliwa kichwa chini na ubavu juu, na kabureta yenye boya ingemwaga mafuta na kuacha kazi.

Fadhila yake ya kwanza ni unyofu wa maumbile. Fungua vifuniko vyake kwa bisibisi ndogo, utakuta viwambo viwili vyembamba. Kimoja huendesha pampu kwa mapigo ya hewa yatokayo tumboni mwa injini, chini ya pistoni. Cha pili hupima mafuta: upande wake mmoja una petroli, na upande wa pili una hewa ya ulimwengu, iingiayo kwa tundu dogo katika kifuniko; injini inapovuta pumzi, kiwambo hubonyea, husukuma wenzo, wenzo huiachia sindano, na petroli ikapita. Yote haya hutegemea chujio la wavu dogo kuliko ukucha, ambalo chembe chache za uchafu zatosha kulitia kiburi. Petroli ikiachwa ndani msimu mzima wa baridi huganda ikawa ulimbo, na ile iliyochanganywa na spiriti huvikakamaza viwambo vikawa kama ngozi ya ngoma iliyosahauliwa juani. Watu huuita huu ubovu. Mimi nauita ukumbusho, maana bila ya hayo nani angejua umri wa petroli iliyomo bandani mwake?

Ya pili ni kwamba hufundisha kiasi. Ina skrubu mbili, moja ya mwendo wa chini iliyoandikwa L, na moja ya mwendo wa juu iliyoandikwa H. Mwenye tamaa huikaza ya H mpaka injini ipige kelele kali kabisa, akafurahi, asijue kwamba katika injini ya mipigo miwili oili imo ndani ya petroli hiyo hiyo, na anayeinyima mafuta ameinyima na kilainisho, mpaka pistoni inanata katika silinda na furaha inakoma. Mwenye adabu huilegeza tena kidogo, mizunguko ikapungua kama 200 au 300 kwa dakika, akaridhika na kilicho chini ya upeo. Ile ya L nayo, ikikazwa mno, injini hushtuka ikazima papo anapoongeza mwendo. Ikilegezwa mno, huguna, hutoa moshi na kulowesha plagi. Kwa asiyejua, misiba hii miwili ni mmoja. Na wenye busara huzima injini kwanza kabla ya kuzigusa skrubu hizo, kwani rafadha iko jirani na haijui mzaha.

Lakini fadhila iliyo kubwa kupita zote ni subira yake katika kusingiziwa. Aghalabu mashitaka yaletwayo juu yake ni makosa ya wengine: gasketi iliyopasuka kati yake na silinda, ikaingiza hewa ya haramu; kipumulio cha tanki kilichoziba; mpira wa silikoni, uliokusudiwa injini za methanoli, ambao petroli huuvimbisha na kuulainisha; au plagi tu, iliyochoka. Mwenye ndege hakagui hata kimoja. Hukamata bisibisi, akaizungusha L, akaizungusha H, akairudia L, hata akasahau zilikuwa wapi, na sasa ana makosa mawili badala ya moja. Kabureta hainung'uniki. Yajua haina hatia, na kwa uungwana wake haisemi.

Yako mambo, nakiri, ambayo mpinzani angeyaita hiana. Injini huvuma vizuri chini, imewekwa sawa mbele ya mashahidi. Ikifika angani hubadilika ikaanza kukosa mafuta. Sababu ni upepo unaoingia ndani ya bweta la pua ya ndege na kulipitia lile tundu dogo la kifuniko, ukabadilisha mkandamizo wa hewa juu ya kiwambo. Dawa yake ni kulehemu kijibomba cha shaba juu ya tundu na kukipeleka, kwa mpira, mahali palipotulia ndani ya kiwiliwili. Basi kosa ni la nani? Kabureta ilipima kwa uaminifu hewa iliyoletewa.

Tena, ikitaka, hutii. Mwezi wa Agosti 2003, ndege ya Mmarekani Maynard Hill, mzee wa miaka 77 aliyekuwa karibu kupofuka, iliondoka Newfoundland ikatua Ireland, mwendo wa kilometa zipatazo 3,030, kwa saa 38 na dakika 52. Uzito wake na mafuta yake haukuzidi kilo 5, na injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 10. Katikati ya Atlantiki hapakuwa na mtu wa kuizungusha skrubu. Wenzake waliotangulia katika safari hiyo hawakufika, jambo linaloonyesha kwamba utii wa namna hii ni hisani, wala si desturi ya kudaiwa.

Siku hizi wengi wamehamia mota za umeme, ambazo huwaka kila ziamriwapo na hazina la kuzungumza. Nawatakia heri. Nawe msomaji, ukimkuta mtu amepiga magoti nyasini nyuma ya ndege yake, mikono inanuka petroli, usimwulize itaruka saa ngapi. Mwulize kwanza kama amelitazama chujio.