Misingi ya Kutathmini Pikipiki ya Kisasa Yenye Sura ya Kale

Pikipiki ya kisasa yenye sura ya kale ni chombo kilichoundwa juzi, kwa bidii kubwa, ili kionekane kimeachwa na babu. Magurudumu yana spoku, taa ni ya duara, shokapu za nyuma ni mbili. Ndani, pasipoonekana, kompyuta ndogo hupima mafuta. Kwa upande wa Tarakea, wilayani Rombo, mpakani na Loitokitok, fani ya kukitathmini ina Mtaalamu mmoja, aliyejiteua baada ya kujiridhisha kwamba hakuna mwombaji mwingine.

Kwa kuwa pikipiki haieleweki kabla Mtaalamu hajaeleweka, sharti kuanza na koti. Koti ni la ngozi, jeusi, na hupanda kutoka Dar es Salaam kila Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani "kuhesabiwa". Huvaliwa hata jua la saa saba. Kofia ngumu hubebwa kiwikoni, maana ikivaliwa uso hauonekani, na tathmini isiyo na uso haina mamlaka. Miwani itajadiliwa kwenye sehemu ya breki.

Kihistoria, Mtaalamu hufundisha kwamba pikipiki ya kweli ni Mwingereza. Hutaja Royal Enfield, iliyoanza kuunda pikipiki Redditch mwaka 1901, kisha hukohoa. Kikohozi hicho hujaza nafasi ya mwaka 1955, uundaji ulipoanza Madras, na ya miaka iliyofuata, kiwanda cha Redditch kilipofungwa. Classic 350 ya kampuni hiyo anayoiegemea akifundisha imetoka India, kama zilivyotoka Boxer za kijiweni, ambazo huziita "vyombo vya Kihindi" bila kupepesa jicho.

Triumph Bonneville ilitoka 1959, ikapewa jina la uwanda wa chumvi wa Utah, Marekani, penye mashindano ya kasi. Uwanda huo ni tambarare kabisa. Tarakea haina hata mita mia za namna hiyo, jambo ambalo Mtaalamu analiona kuwa dosari ya Tarakea. Bonneville ameitathmini kikamilifu, kwenye simu. Huwashauri wenye nayo wapunguze mafuta kwenye karbureta, kwa kuwa hewa ya mlimani ni nyepesi. Ushauri huo ni sahihi kwa karbureta. Bonneville za leo hupulizia mafuta kwa kompyuta, na kile kinachofanana na karbureta kimechongwa hivyo ili kudanganya macho. Kimefaulu.

Katika uendeshaji, Classic 350 ina silinda moja ya cc 349, nguvu za farasi 20 na uzito wa kilo 195. Pistoni yake husafiri mwendo mrefu, hivyo injini huvuta vizuri hata ikizunguka polepole, sifa inayofaa sana kwa kona na vilima vya kutoka Mkuu hadi Tarakea. Mwenye busara hushusha gia mapema. Mtaalamu hubaki gia ya tano, kwa sababu hapo ndipo mlio wa eksozi huwa mzito, kisha huwa mzito zaidi, kisha hakuna mlio.

Pikipiki ikizimika mlimani, kilo 195 huwa za kijiji kizima. "Mangi, shuka kwanza, tusukume," husema vijana. Wakati huo Boxer yenye farasi kumi na mbili hupita, imebeba mama, mtoto na gunia la maharage. Mtaalamu huandika daftarini: "Ushindani hafifu."

Breki hupimwa taratibu, kwenye barabara yenye unyevu wa ukungu, mbali na watu. Mtaalamu alizipima mbele ya geti la kanisa, ibada ikitoka. ABS ilifanya kazi yake, pikipiki ikasimama. Miwani iliendelea.

Alama hutolewa mwishoni. Classic 350 ilipata tisa kwa kumi. Boxer haikupewa alama kwa kukosa uhalisi wa kale, ingawa ina spoku, shokapu mbili na kiki. Kiki hiyo Classic 350 ya sasa haina, na betri hulala baridi ya Rombo inapozidi. Hapo mwenye Boxer huombwa nyaya za kuazimia umeme.

Usafirishaji wa kurudi Dar es Salaam, mapema Januari, hufanywa kwa lori la ndizi. Mtaalamu hupanda basi, koti likiwa limevaliwa.