Mashine Yako Imefutwa, Asante kwa Mchango

Ipo barua moja yenye adabu kuliko barua zote, na haitoki kwa mchumba wala benki. Huanza kwa kumshukuru msomaji kwa uvumilivu wake, ikamsifu kwa upendo wake, ikaeleza jinsi timu ilivyokesha ikifanya kazi, na inapofika aya ya nne, macho yakiwa yamekwisha kuchoka, ikamwarifu kwamba gemu aliyoichangia haitatoka kwenye mashine aliyonayo nyumbani. Haijachelewa, haitatoka. Aliyeisoma asubuhi hii bado masikio yake yanawaka, na fedheha yake ni ya aina ya peke yake, maana hana hata wa kumlalamikia. Akianza kuwaeleza wa nyumbani kwamba alitoa fedha kwa watu asiowajua, walio bara jingine, watengeneze mchezo ambao haukuwapo, ili uchezwe kwenye mashine ambayo hakuna aliyekwisha kuujaribia, atakuwa amejimaliza kabla ya kufika kwenye malalamiko. Kwa hiyo hunyamaza, na naamini ukimya huo ni sehemu ya mtaji wa biashara hii. Mimi nasema hivi: orodha ndefu ya mashine inayotangazwa siku ya kuchangisha huwa chambo zaidi kuliko mpango wa kazi, na mwenye mashine iliyofutwa hakupatwa na bahati mbaya. Amewagharimia wengine. Fedha yake irudi.

Tuanze na kigogo. Tarehe 31 Agosti 2013, Keiji Inafune, Mjapani aliyejipatia jina kwa gemu za Mega Man alipokuwa kampuni ya Capcom, alikwenda Kickstarter, mtandao wa kuchangisha fedha, na kampuni yake Comcept akaomba dola 900,000 za kutengeneza gemu iitwayo Mighty No. 9. Aliomba maji akapewa mto. Ndani ya mwezi mmoja watu 67,226 walikuwa wameahidi zaidi ya dola milioni 3.8. Siri ilikuwa kwenye ngazi. Gemu ilianza ikiwa ya kompyuta tu. Kila kiasi fulani kilipofikiwa, mashine nyingine iliongezwa orodhani, na wenye mashine hiyo wakaingia mbio kuchangia na kuwavuta wenzao. Wenye mashine ndogo za mkononi, Nintendo 3DS na PlayStation Vita, waliwekwa juu kabisa, kwenye ngazi ya dola milioni 3.5. Angalia ustadi wa mpangilio huo. Mwenye Vita, ili afikiwe, alilazimika kwanza kuwasaidia wenye kompyuta, wenye PlayStation, wenye Xbox na wenye Wii U, wote wapate yao. Alifanya hivyo kwa moyo mweupe, ngazi ikafikiwa na kupitwa. Gemu iliyoahidiwa Aprili 2015 ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, ikatoka Juni 2016 ikiwa imepokelewa kwa miguno. Ya Vita na ya 3DS haijatoka hadi leo. Walioshika ngazi ya juu walishika ngazi, wengine wakapanda.

Hapa inafaa kueleza kazi ya kuihamisha gemu kutoka mashine hadi mashine, kwa sababu wengi hudhani ni kunakili faili kwenye flashi, na pia kwa sababu jambo lenyewe ni tamu kupita kiasi. Kila mashine ina prosesa, na prosesa zina ukoo. Kompyuta za kawaida, PlayStation 4 na Xbox One ni ukoo mmoja. Wii U, Xbox 360 na PlayStation 3 ni ukoo mwingine. 3DS na Vita ni wa ukoo wa tatu, ule wa simu janja. Amri zilizoandaliwa kwa ukoo mmoja kwa mwingine ni kelele tupu, hivyo lazima gemu ijengwe upya kwa kila ukoo. Kisha kuna kumbukumbu ya kazi. PlayStation 4 ilitoka na gigabaiti 8. 3DS ya kwanza ilikuwa na megabaiti 128, yaani sehemu moja ya 64. Picha, sauti na maadui walioenea kwa raha kwenye ile kubwa lazima wapunguzwe na kubanwa mpaka msanii aliyewachora asiwatambue. Kuna skrini: televisheni ina mistari 1,080 kwenda chini, skrini ya 3DS ina 240, tena ziko mbili, na mtu lazima aamue ya chini itaonyesha nini. Kuna vitufe, na hapo ndipo akili huchoka kabisa. Kitufe cha A kwenye pedi ya Xbox kiko chini. Kwenye pedi ya Nintendo kiko kulia. Kwa miaka mingi mchezaji wa PlayStation wa Japani alithibitisha jambo kwa kubonyeza duara, ilhali mwenzake wa Ulaya alitumia duara hilohilo kughairi. Halafu wenye mashine, yaani Sony, Nintendo na Microsoft, hawakubali gemu iingie kabla hawajaikagua: itafanya nini pedi ikichomolewa katikati ya mchezo, nafasi ya kuhifadhi ikijaa, mtoto akifunika kifuniko cha 3DS kwa ghafla mama yake akiingia chumbani? Kila jibu huandikwa na mhandisi anayelipwa mshahara. Ikigunduliwa kasoro baada ya gemu kutoka, marekebisho nayo hupita kwenye ukaguzi, mashine moja baada ya nyingine. Mighty No. 9 ilikuwa imeahidiwa kwa mifumo 10, ikiwa na sehemu ya kucheza wawili kwa intaneti, juu ya injini ambayo walioiunda walikuwa wameacha kuiboresha. Januari 2016, wakitangaza kuahirisha kwa mara nyingine, walitaja sababu hizohizo: wingi wa mifumo, na injini iliyoachwa.

Sababu ni za kweli kabisa, na ndizo zinazowatia hatiani. Vita ilianza kuuzwa Japani Desemba 2011 na 3DS Februari mwaka huohuo. Mchango ulipofunguliwa 2013, kumbukumbu ya 3DS ilikuwa megabaiti 128, na mchango ulipofungwa ilikuwa bado megabaiti 128. Haikusinyaa ilipoona fedha. Mhandisi yeyote angeweza kusema siku ya kwanza kwamba ngazi ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, na kwamba fedha zikipungua ndiyo itakayokatwa. Ikiwa jambo linajulikana, na tangazo linapita bila kulitaja, hasara inapotokea tusiiite ajali.

Sisi wa Lushoto hatuna haki ya kushangazwa sana na ahadi za namna hii. Reli ya kwanza ya Tanzania Bara ilipewa jina la milima yetu: Reli ya Usambara. Kampuni ya Kijerumani ilianza kuijenga Tanga mwaka 1893 huku Ziwa Viktoria likitajwa kwenye ndoto zake. Ikaishiwa fedha Muheza, mwendo wa kama kilomita 40, na mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikalazimika kuinunua. Ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Waingereza wakaisogeza hadi Arusha 1929, na ziwa likaachwa lingoje. Usambara yenyewe ilipitwa kwa chini. Treni ilibeba jina la milima, ikaiangalia dirishani na kuondoka zake. Abiria wa Lushoto alishuka Mombo akaanza kuzipanda kona, kilomita 30 na ushei, kama anavyozipanda mpaka leo. Sisemi kuna aliyetuahidi treni mlangoni. Nasema kwamba jina zuri huwekwa mbele ya hesabu, kisha kilichotolewa jina hukutwa ndicho chenye mwinuko mkali kuliko vyote, na gharama zikipigwa huachwa. Na wazee wetu hawakuulizwa kama wanapenda kuchangia. Walitozwa kodi ya nyumba tangu mwishoni mwa miaka ya 1890 na wengine wakakamatwa kwenda kufanya kazi kwa lazima. Mchangiaji wa gemu amewazidi kwa jambo moja: ahadi yake iko kwa maandishi.

Wapo watakaosema mchango ni zawadi, na aliyetoa zawadi hadai risiti. Hoja hii ingekuwa na nguvu katika nchi ambayo watu hawachangii harusi. Mtanzania anajua tofauti. Anayetoa elfu kumi kwa upendo hatarajii kitu, lakini aliyepewa kadi ya mchango yenye kiwango, akalipa kiwango cha watu wawili, anatarajia kuingia ukumbini na mwenzake; kamati ikimwandikia siku mbili kabla kwamba ukumbi umekuwa mdogo, na kwamba picha za harusi atatumiwa, hataiita zawadi. Kickstarter nao, ambao hukata asilimia 5 ya fedha za mradi uliofanikiwa, hawaandiki kwamba ni zawadi. Masharti yao yanamtaka mwenye mradi aukamilishe na kutoa kila alichoahidi. Akishindwa, aeleze fedha zilivyotumika na ajitahidi kumaliza jambo kwa njia ya haki, ikiwamo kurudisha kilichobaki. Wanasema wazi kwamba wao si duka. Sawa. Lakini ukiona ukurasa wenye bei, orodha ya bidhaa na tarehe ya kupokea, hata mtu mwenye busara ataanza kutafuta chenji.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: dunia hubadilika, mashine hufa. Wii U iliyotoka 2012 iliuzwa kama milioni 13.5 tu, uzalishaji wake ukakoma Januari 2017, na Switch, mashine nyingine ya Nintendo, ikachukua nafasi yake Machi mwaka huohuo. Team Cherry wa Adelaide, Australia, waliochangiwa dola za Australia 57,138 mwaka 2014, walikuwa wameahidi Hollow Knight kwa Wii U. Wakaiacha, wakaihamishia Switch, na gemu ikawa miongoni mwa zilizopendwa sana za miaka hiyo. Je, nao ni wakosefu? Walitenda vizuri kuliko wengi, na gemu yao ni nzuri mno, nakiri. Lakini tazama hesabu ya mwenye Wii U. Gemu anapewa bure. Mashine ya kuichezea iliingia sokoni Marekani kwa dola 300. Ni fidia inayomtaka anayefidiwa aongeze fedha. Tena mshindani mkubwa zaidi wa hoja hii ni historia yenyewe: mashine zote hufa, na kila anayeahidi mwaka 2014 kitu cha 2017 anajua hilo. Watengenezaji wa gemu ya Yooka-Laylee waliifuta Wii U Desemba 2016. Gemu ya Bloodstained iliiacha Wii U, kisha Vita, kisha Mac na Linux. Mashine ya Ouya, iliyochangiwa zaidi ya dola milioni 8 mwaka 2012, haikufuta toleo lolote. Ilikufa mashine yenyewe.

Watasema basi kurudisha fedha kutawaua watengenezaji wadogo. Huenda kukawaua baadhi. Lakini fedha ya mwenye Vita haikuwekwa kabatini ikingoja toleo la Vita. Ililipa wachoraji wa toleo la kompyuta. Anayesema hana cha kurudisha anakiri kwamba alikopa kwa maskini kumlisha tajiri. Na inawezekana kurudisha pakiwa na nia: mwaka 2019, wachangiaji wa gemu ya Shenmue III walioahidiwa toleo la duka la Steam walipoambiwa kwamba gemu sasa itakuwa kwenye duka la Epic, walipiga kelele hadi wakaruhusiwa kudai fedha zao, na Epic ikasema italipia marejesho hayo. Fedha ilipatikana mara tu mwenye nacho alipoona aibu inamgharimu zaidi.

Na huku kwetu msomaji atauliza, hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu kuliko wanavyojua wao. Mashine zinazofutwa ni zilezile zinazoshuka bei, zikauzwa za mkono wa pili na kuishia kwenye vibanda vya gemu vya miji kama yetu, mtoto akilipia kwa sarafu. Ya kizamani kwa mhandisi wa Osaka ndiyo mpya kwa kijana wa Soni, hapa kwetu Usambara. Mtanzania anakaribishwa kutoa fedha Kickstarter ikiwa ana kadi ya benki, ila hawezi kufungua mchango wake mwenyewe akiwa hapa, kwa kuwa nchi yake haimo orodhani. Mtandao wa PlayStation nao hautambui Tanzania kama nchi ya kufungulia akaunti, hivyo mchezaji hujiandikisha kuwa mkazi wa Afrika Kusini au Marekani. Akiletewa namba ya siri ya toleo mbadala, huenda ni ya eneo ambalo kwa uongo wake hakuwa amelichagua. Na ikikubali, gemu ni gigabaiti kadhaa za kupakua kwa kifurushi cha simu, ambacho hakuna kamati ya Kickstarter iliyowahi kukiweka kwenye bajeti.

Ninachotaka ni kitu cha kihasibu, kisicho na mbwembwe. Kila mashine iwe na kapu lake. Fedha za Vita zikae kwenye kapu la Vita, na kapu lisipojaa kiasi ambacho mhandisi ametaja kuwa ndicho halisi, hakuna kadi ya mtu itakayokatwa kwa ajili yake. Watapinga kwamba kwa utaratibu huo mashine ndogo hazitafika kiwango kamwe. Basi zisifike, na mwenye Vita aambiwe siku ya kwanza, fedha zikiwa bado mfukoni mwake.