Sifa za Kilo

Wapo waliotunga sifa za wafalme na za majahazi, lakini sikumbuki aliyepata kuzitunukia kalamu yake zile silabi mbili ziitwazo kilo, ambazo kila asubuhi hutajwa mbele ya mizani za unga, sukari na nyama bila ya mtu kuzipa taadhima yoyote.

Asili yake ni Uyunani, katika neno lenye maana ya elfu. Na Wafaransa, walipotangaza sheria ya vipimo vyao mwaka 1795, waliiajiri pamoja na deka, hekto na miria ziwe watumishi wa kutangulia mbele ya mita na gramu, bila ya haki ya kusimama peke yao. Miria, iliyobeba elfu kumi na kuzipita zote kwa cheo, leo haitajwi. Hekto imejisetiri ndani ya hekta ya mkulima. Kilo peke yake ndiyo iliyomtoa bwana wake gramu mlangoni na kukikalia kiti chake, hata mama akitaka kilo mbili za mchele, naye kwa haki ya lugha ametaka elfu mbili tu, hapana muuzaji amwulizaye ni elfu mbili za nini.

Wala ujeuri huo haukuishia sokoni. Kwa kuwa gramu ilikuwa ndogo mno kufanyiwa kielelezo, mwaka 1799 kilitengenezwa kipande cha platini chenye uzito wa kilo. Na hata leo, katika vipimo saba vya msingi vya dunia, kilogramu ndiyo pekee ivaayo kiambishi, aibu ambayo wataalamu, watu wenye kupenda nidhamu kuliko makadhi, wameistahimili. Mwaka 2019 kipande cha madini kilichokirithi kile cha 1799, nacho kikatunzwa karibu na Paris, kiliuzuliwa, kilo haikuuzuliwa. Nayo, kwa unyenyekevu ambao siuamini sana, huandikwa kwa k ndogo, hali mega na giga hujitanua kwa herufi kubwa.

Mafundi wa kompyuta, ambao hesabu yao huenda kwa kuzidisha mbili, waliifanya kilo kuwa 1,024. Na mwaka 1998 lilipotolewa rasmi jina la kibi kwa hesabu hiyo, ili kilo irejee kwenye elfu yake, wengi walijifanya hawakusikia. Siwalaumu, maana sijapata kuona mizani ya duka iliyomzidishia mnunuzi 24 juu ya elfu.