Udi Haukaushi Godoro

(Leicester, Uingereza, mwezi Machi. Gari la kulala limeegeshwa nyuma ya nyumba tangu Oktoba, limefungwa kila upande. Mwenyewe, mzaliwa wa Tanga, amefungua mlango, amenusa, amekunja uso, kisha ameweka chetezo mezani na kutoka.)

UDI: Hodi humu! Nimetumwa kumaliza harufu. Mgonjwa ni yupi?

GODORO: Karibu, Bibi Udi. Mgonjwa ni mimi, ila maradhi kaniletea huyu aliye chini yangu.

UBAO: Mimi? Miezi mitano umenilalia kifudifudi, hata pumzi sipati!

GODORO: Wewe ni baridi kama kaburi. Wenyewe wakilala, juu napata joto lao, na mvuke wao unanipenya. Ukishuka ukakugusa wewe, unakuwa maji. Maji hayana pa kutokea, yananirudia.

UBAO: Mvuke huo nimeuleta mimi? Watu wawili wakilala usiku kucha, pumzi na jasho lao ni kama nusu lita ya maji. Safari ya mwisho walilala humu siku 10, mvua nje, vioo vimefungwa. Piga hesabu.

JIKO LA GESI: Mimi simo. Yangu ni moto, na moto hukausha.

DIRISHA LA PAA: Bwana Jiko, usitufanye watoto. Kila kilo ya gesi unayounguza inazaa maji zaidi ya kilo moja na nusu. Juu yake unachemsha sufuria isiyo na mfuniko, halafu useme humo?

JIKO: Na wewe uliyewekwa kuutoa huo mvuke ulikuwa wapi?

DIRISHA: Nimekomewa! Kila nikiachwa wazi upana wa kidole, mtu analia baridi, ananifunga.

UDI: Jamani, kelele za nini? Nyote mnanukia. Naandika ripoti kwamba tatizo limetatuliwa.

GODORO: Bibi, tumboni nina madoa meusi.

UDI: Yako chini, nani atayaona? Nimefukizwa harusini, misibani na kwenye vikao vya waheshimiwa. Sijawahi kuulizwa kilichooza ni kipi.

UBAO: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

MTO WA SUFI (kutoka kabatini): Wanangu, mimi nimetoka Tanga na mwenye gari. Nyanyake alikuwa akiona jua tu, anatutoa uani, anatupiga fimbo, anatugeuza. Kitanda kilikuwa cha kamba, upepo unapita chini. Mjukuu kanunua gari la maelfu ya pauni, kazi ya uani kaisahau.

GODORO: Basi tupe dawa, bibi.

MTO: Ubao aondoke, ziwekwe chaga, hewa ipite. Jiko afunikiwe sufuria. Dirisha aachwe wazi kidogo, hata kwa baridi. Wewe usitandikwe watu wanapoamka tu. Uinuliwe kwanza, ukauke. Gari likilazwa kwa msimu, usimamishwe kwa ubavu, au upelekwe ndani ya nyumba. Na usivishwe nailoni, itakufungia unyevu ndani.

GODORO: Na haya madoa?

MTO: Ya juu juu yanafutwa kwa siki, kisha unawekwa juani, hata hili jua la Leicester, mpaka ukauke kabisa. Yakishazama ndani ya sponji hayatoki. Hapo ni kununua lingine, maana ukungu huo watu wataupumua usiku kucha.

UDI: Kazi yote hiyo? Mimi namaliza kwa dakika chache tu!

(Mlango unafunguliwa. Mwenye gari ananusa, anatabasamu.)

MWENYE GARI: Alhamdulillahi, harufu imekwisha.

(Anachukua chetezo, anafunga mlango kwa ufunguo. Kimya.)

MTO: Godoro, bado umelowa?

GODORO: Bado.